Namna ya Kutumia Akili Mnemba Kutafuta Vinyama vya Utumbo Mpana

Programu ya akili mnemba inayounganishwa na mtambo wa kolonoskopi (kipimo cha kuingiza kamera ndani ya utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa) huchambua picha papo hapo, na pale inapodhani imeona kinyama, yaani kivimbe kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, huweka alama, mara nyingi kisanduku cha kijani, kwenye skrini anayoitazama daktari. Marekani iliidhinisha programu ya kwanza ya aina hii, GI Genius, mwezi Aprili 2021. Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba programu haiwezi kuona mahali ambapo kamera haijafika.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye usafi wa utumbo. Mweleze mgonjwa, taratibu na kwa lugha anayoielewa, kwamba dawa ya kusafisha hunywewa kwa awamu mbili, jioni na tena saa chache kabla ya kipimo, na kwamba asiiache awamu ya pili hata kama choo kimeshakuwa maji. Katika mizani ya Boston, inayopima usafi wa utumbo, kila sehemu ya utumbo hupewa alama 0 hadi 3. Sehemu iliyopata chini ya 2 usiihesabu kuwa imechunguzwa, hata kama programu haikuonyesha kitu.

Ukishafika mwanzo wa utumbo mpana na kuuona mlango wa kidole tumbo, anza kurudi nyuma polepole, kwa maana hapo ndipo utafutaji wenyewe ulipo. Kwa miaka mingi kiwango cha muda wa kurudi nyuma kilikuwa dakika 6. Mwongozo wa Marekani wa 2024 unataka wastani wa angalau 8. Chungulia nyuma ya kila mkunjo, nyonya maji yaliyotuama, na uoshe ute.

Kisanduku kinachowaka na kuzimika mara moja mara nyingi ni povu, mabaki ya choo au mkunjo uliobanwa. Kikiendelea kubaki palepale baada ya kubadili pembe, simama, osha, sogea karibu. Upande wa kulia uwe makini zaidi: huko hukaa vinyama bapa, vya rangi isiyotofautiana na ukuta wa utumbo, vilivyofunikwa na ute wa manjano, ambavyo kingo zake hujitokeza baada tu ya kumwagiwa maji. Hivi programu yaweza kuvipita, nawe usivipite.

Utafiti wa Sichuan, China, uliochapishwa 2019, ulionyesha wagonjwa waliogunduliwa adenoma (vinyama vinavyoweza kugeuka saratani) wakipanda kutoka asilimia 20.3 bila programu hadi 29.1 ilipotumika, ingawa nyongeza hiyo kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya adenoma ndogo sana. Lakini huko Poland, utafiti wa 2025 ulikuta kwamba, baada ya programu kuanza kutumika, ugunduzi wa adenoma katika vipimo vilivyofanywa bila programu ulishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Ndiyo sababu nashauri kila daktari atenge siku za kupima programu ikiwa imezimwa, aandike kiwango chake cha ugunduzi kwa siku za aina zote mbili, na kila kinyama kinachoondolewa kipelekwe maabara ya patholojia, kwani kisanduku huonyesha mahali tu, hakitoi jibu la ugonjwa.