Kubadilisha Nguzo ya Kiti katika Baiskeli Kuukuu ya Chuma

Baiskeli ya mlimani ya chuma iliyokaa Malindi miaka mingi huanza kuharibikia mahali ambapo macho hayafiki, yaani ndani ya lile bomba la fremu linalopokea nguzo ya kiti. Upepo wa bahari huleta chumvi, unyevu huteremka kupitia ufa uliokatwa makusudi nyuma ya mdomo wa bomba, na pale alumini ya nguzo inapogusana na chuma cha fremu katika majimaji hayo ya chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe unaovimba hadi vitu hivyo viwili vikabanana kana kwamba vimechomelewa.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuitoa nguzo ya zamani, tena bila haraka. Ondoa kabisa bolti ya kola, yaani pete inayoubana mdomo wa bomba, mimina mafuta ya kulegeza kutu kuizunguka nguzo, yaache yapenye usiku kucha, kisha ushike kiti kwa mikono miwili na kukizungusha kushoto na kulia badala ya kukivuta juu. Ikikataa, kaza kichwa cha nguzo kwenye jiriwa na uzungushe fremu nzima, kwa kuwa urefu wa fremu hukupa nguvu ambayo mikono peke yake haina. Wengi hukimbilia moto, lakini moto haufai kwa nguzo ya alumini, kwani alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma na joto huzidi kuibana. Barafu ile ile inayohifadhia samaki ufukweni, ikipondwa na kufungwa kwa kitambaa kuizunguka nguzo, husaidia zaidi, maana nguzo husinyaa kuliko bomba.

Nguzo ikishatoka, usiende nayo dukani kama kielelezo. Fremu niliyoinunua ya mtumba ilikuwa na nguzo yenye kipenyo cha milimita 26.2 iliyozungushiwa mara mbili utepe uliokatwa katika kopo la soda. Utepe huo una unene wa karibu milimita 0.1, hivyo mizunguko miwili ilikuwa imeongeza milimita 0.4 katika kipenyo, na bomba lenyewe lilihitaji nguzo ya 26.6. Laiti ningenunua nyingine ya 26.2, ningelirithi kosa la aliyenitangulia.

Saizi ni nyingi kwa sababu mabomba mengi ya kiti katika fremu za aina hii yana kipenyo cha nje cha milimita 28.6, ilhali unene wa kuta zake hutofautiana. Fremu nzito yenye kuta nene huchukua nguzo nyembamba, na fremu nyepesi ya chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu mara nyingi hukaribia 27.2, kati yake nguzo hupanda kwa hatua za milimita 0.2. Hatua hiyo ni unene wa karatasi mbili tu, lakini nguzo iliyopungua kiasi hicho huifanya kola ikunje mdomo wa bomba hadi ufa ukafungika, na kiti huteremka kidogo kidogo safarini. Iliyozidi hukwama, au huupasua mwisho wa ufa. Muuzaji anayesema kwamba zote ni sawa anakuuzia hasara.

Kabla ya kupima, sukuma ndani ya bomba kitambaa kilichofungwa uzi ili vumbi lisiangukie beringi za mhimili wa mikono ya pedali, kisha sugua kuta kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti na uzipanguse kwa mafuta ya taa. Kipimo cha kalipa, yaani kifaa chenye taya cha kupimia kipenyo, mdomoni mwa bomba ni dokezo tu, maana mdomo huo huwa umebanwa na kupoteza uduara, na taya za ndani za kalipa ya kawaida hazifiki chini ya ufa. Ithibati ni kuazima kwa fundi nguzo za saizi mbili tatu: ile kubwa zaidi inayoteremka kwa nguvu ya mkono bila kucheza, kola ikiwa imelegea, ndiyo yako.

Ipake nguzo mpya grisi ya kutosha, pamoja na kuta za ndani za bomba. Wako wanaohofu kwamba grisi itaifanya iteleze. Nguzo ya saizi sahihi haitelezi, na bila grisi chumvi itaikamata tena. Iteremshe hadi alama ya kikomo iliyo kwenye nguzo ifichike na ncha yake ipite chini ya kiungo cha bomba la juu, la sivyo uzito wa mpandaji utalikunja bomba hapo. Kwa urefu wa kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuyumba. Kaza bolti ya kola kwa kiasi cha newtoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 hadi 7, na baada ya safari ya kwanza hakikisha kwamba kiti hakijashuka.

Kila baada ya miezi mitatu au minne, na hasa mvua za masika zinapokatika, itoe nguzo, uigeuze fremu juu chini ili maji yatoke, na uipake nguzo grisi upya.