Safari Rally ya Naivasha kwa mara ya kwanza: mwongozo kwa mtu anayetoka Lubumbashi

Ukienda uwanjani Kamalondo kutazama timu ya Mazembe, unaweza kuchelewa dakika 20 na bado ukaingia, ukakaa, ukaona mchezo. Kwenye rali, yaani mbio za magari za barabarani, aliyechelewa haoni kitu. Barabara ikishafungwa imefungwa, na gari ulilotoka mbali kuja kuliona litapita nyuma ya kilima wakati wewe unabishana na polisi kwenye kizuizi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni jambo moja tu: chagua pahali pamoja, ufike mapema, usimame vizuri. Mambo ya ndege ya Luano na hoteli siyasemi, watu wetu wanaokwenda Nairobi kuchukua mali wanayajua.

Hatua ya 1: Ratiba kwanza, tiketi ya ndege baadaye

Safari Rally ilianza mwaka 1953. Ilikuwa kwenye ubingwa wa dunia wa rali kuanzia 1973 hadi 2002, ikarudi 2021, na tangu hapo kitovu chake ni Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Kuanzia 2021 hadi 2023 ilikimbiwa Juni. Tangu 2024 imehamia Machi. Badiliko hilo ni kubwa kwa mtazamaji, maana Machi mvua ndefu zinakaribia. Mtu aliyekwenda Juni atakwambia ujiandae kwa vumbi peke yake. Wewe jiandae kwa vumbi asubuhi na matope jioni, siku ile ile.

Tafuta ratiba rasmi ya mikondo (vipande vya barabara vinavyofungwa ili magari yapite moja moja yakishindana na saa), halafu fungua tovuti ya Rally-Maps uone ramani ya kila mkondo, na ya eWRC-results upate orodha ya madereva. Ramani ya eneo zima ipakue kwenye OsmAnd, programu ya simu ya ramani zinazofunguka bila mtandao, ungali kwenye Wi-Fi ya hoteli. Usitegemee ramani ya Google huko porini: njia nyingi za mashamba haina, na mtandao wenyewe huzidiwa watu wakijaa.

Saa ni za Kenya, na Kenya iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja. Ziandike kwenye karatasi kwa mfumo wa saa 24. Mwenyeji akikwambia "saa tatu asubuhi", ana maana ya 9:00.

Hatua ya 2: Karatasi, pesa, chupa ya maji

Pasipoti, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Nunua laini ya Safaricom, isajiliwe kwa pasipoti, uweke shilingi kwenye M-Pesa. Muuza chapati wa kando ya mkondo hatakuwa na chenji ya noti yako. M-Pesa ya Vodacom uliyo nayo nyumbani ni akaunti nyingine, usiihesabu.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, hivyo usifungie nguo ndani yake. Na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, na Hell's Gate ni hifadhi ya taifa. Nunua chupa ngumu ya chuma. Kwa siku nzima mtu mmoja anahitaji lita 3. Droni ya kupigia picha za harusi iache nyumbani: Kenya inataka kibali, na hewani kuna helikopta zinazoruka chini sana.

Hatua ya 3: Chagua mkondo mmoja kwa siku

Mikondo mingi hukimbiwa mara mbili, asubuhi na mchana. Mgeni huona ratiba yenye mikondo mitatu na kupanga kuirukia yote. Usifanye hivyo. Loldia iko upande wa ziwa Naivasha, Soysambu na Sleeping Warrior ziko kupita Gilgil karibu na ziwa Elmenteita, Kedong iko kusini kuelekea Longonot. Ukitoka mmoja kwenda mwingine utaishia kwenye foleni ya malori na matatu, yaani mabasi madogo ya Kenya. Kaa mkondo mmoja, ona mizunguko yote miwili. Mzunguko wa pili una ladha yake: magari yameshachimba mifereji, mawe yamefumuka, na hapo ndipo matairi na sospensheni huanza kuvunjika.

Kwa mara ya kwanza nashauri Jumamosi upande wa Elmenteita, Soysambu au Sleeping Warrior zikiwa kwenye ratiba. Nchi iko wazi, unaliona gari likija kutoka mbali na vumbi lake nyuma. Hell's Gate ya Jumapili, ambayo kwa kawaida ndiyo mkondo wa mwisho wenye pointi za ziada, inapendeza, lakini ina umati ambao mgeni atauona kuliko magari.

Kitu kingine cha kujua: Ijumaa madereva huanza kwa mpangilio wa msimamo wa ubingwa. Jumamosi na Jumapili wale wa mbele hupangwa kinyume, anayeongoza rali anaanza nyuma ya wenzake. Sababu ni kwamba barabara ikiwa kavu, gari la kwanza hufagia changarawe na kupoteza sekunde, na anayekuja nyuma hupata njia safi. Kwa hiyo Jumamosi usianze kufungasha baada ya magari matano; wakubwa bado.

Hatua ya 4: Kufika na kusimama

Hapa ndipo siku hupotea, na hapa ndipo watu huumia. Soma pole pole.

Anza na hesabu. Tuseme gari la kwanza linaanza 8:05 na wewe utakuwa kilomita ya 12. Mwendo wa wastani wa magari haya kwenye njia za Naivasha ni kama kilomita 100 kwa saa, basi litakufikia dakika 7 baadaye, 8:12. Barabara ya mkondo hufungwa mapema sana kabla ya hapo. Panga uwe umeshasimama pahali pako masaa matatu kabla, yaani kama 5:10 alfajiri, na kabla ya hapo uhesabu mwendo wa miguu kutoka gari linapoegeshwa. Kilomita mbili au tatu kwa mguu gizani ni kawaida, kwa hiyo beba tochi. Ndiyo maana ulale Naivasha au Gilgil, si Nairobi. Anayetoka Nairobi alfajiri hukutana na foleni barabarani, na huko hakuna dereva atakayemwokoa.

Usafiri: kodini matatu pamoja, watu kumi au zaidi, na mkubaliane na dereva kwamba atasubiri hadi mkondo ufunguliwe. Bodaboda ni rahisi kwenda, lakini kurudi, watu maelfu wakitoka pamoja na mvua ikianza, bei hupanda na njia huteleza. Siipendekezi kabisa kwa mwenye mtoto. Na kumbuka Kenya magari yanapita kushoto: ukivuka barabara ya lami, tazama kulia kwanza.

Ukifika, nenda eneo lililowekwa kwa watazamaji. Kwenye mikondo mingi watu husimama bila kulipa, wanaolipa ni wa mahema ya mapokezi, ila soma tangazo la mwaka huo. Ndani ya eneo hilo bado kuna pazuri na pabaya, na utepe peke yake haukulindi. Pabaya ni hapa:

Nje ya kona. Gari likikosa breki huenda moja kwa moja, halifuati kona. Mwisho wa barabara iliyonyooka ni hatari hiyo hiyo. Pahali gari linapotua baada ya kuruka kilima, maana dereva halielekezi likiwa hewani. Njia ya mchepuko iliyo mbele ya kona, hata kama ni tupu na ina kivuli. Imeachwa tupu kwa sababu. Na chini ya usawa wa barabara, popote pale.

Watu husema ndani ya kona ni salama. Si kweli kabisa. Madereva hukata kona ndani, gurudumu likigonga jiwe lililojificha kwenye nyasi, gari hupinduka upande huo huo. Ndani ya kona ni sawa tu ukiwa juu na nyuma. Kipimo ninachokiamini ni ukingo ulioinuka angalau mita 2 juu ya barabara, nawe ukiwa mita 15 au zaidi nyuma yake, kabla ya kona kuanza, ili ulione gari likija, likifunga breki, likiondoka. Mawe yanayorushwa na magurudumu hufika mbali kuliko unavyodhani.

Kisha upepo. Chukua vumbi kiganjani, lirushe, uone linaelekea wapi, halafu simama upande linakotoka. Alfajiri Naivasha mara nyingi hakuna upepo, vumbi huning'inia barabarani. Ndiyo sababu waandaaji huweza kuongeza nafasi kati ya magari. Kedong ina vumbi laini sana lililojificha chini ya gamba la udongo, madereva wanaliita fesh-fesh, na ndiyo maana utaona magari ya Safari yana bomba la kuvuta hewa lililopandishwa hadi kwenye paa.

Usikae chini, usigeuze mgongo, usivue viatu. Angalia tangu mwanzo ni wapi utakimbilia, na jiwe au senyenge visiwe nyuma yako.

Sasa mpangilio wenyewe. Kwanza hupita magari ya usalama, yenye namba za sifuri na ving'ora. La mwisho kati yao ni lenye sifuri moja. Likipita, hakuna mtu kuvuka tena. Helikopta ikishuka chini, gari liko karibu. Mashali, msimamizi wa usalama kando ya barabara, atapuliza filimbi. Kati ya gari na gari zinapita dakika chache, lakini usizitumie kuvuka, kwa sababu aliyepata pancha anaweza kuja wakati hamumtegemei, bila helikopta, bila kelele nyingi. Gari likitoka njiani, usikimbilie. Wenyewe wataonyesha kibao cha OK au cha SOS. Mwachie mashali aamue kama lisukumwe, maana linalofuata liko njiani tayari.

Baada ya wakubwa, subiri. Wakenya wengi huja na magari ya daraja la chini, na umati hushangilia vijana wao kwa nguvu kuliko wanavyowashangilia mabingwa. Barabara hufunguka tu baada ya gari la kufagia, lile la waandaaji linalopita mwisho wa yote, kupita. Kwa mzunguko wa pili, baki pale pale au sogea ndani ya eneo lile lile.

Hatua ya 5: Nguo na chakula

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Alfajiri baridi ni kali, mchana jua linaunguza. Koti, kofia, miwani, kitambaa cha pua, viatu vilivyofungwa. Machi, buti za mpira. Mayai ya kuchemsha, ndizi na chapati vinatosha. Bukari utakula jioni mjini, wao wanaiita ugali.

Hatua ya 6: Kambi ya mafundi

Iko kwenye taasisi ya utafiti wa wanyamapori, WRTI, hapo Naivasha. Nenda Alhamisi, kabla umati haujajaa, ukiwa bado na nguvu. Simama mbele ya hema moja tu, la Toyota au la Hyundai, uangalie mafundi wanavyofungua sospensheni nzima na kuirudisha huku saa ikihesabu. Timu ikichelewa kutoka, dereva anaongezewa sekunde. Ukiwa fundi wa gari kwetu Lubumbashi, kwenye komini ya Kenya au ya Katuba, utajifunza hapo vitu ambavyo mkondo wenyewe hautakuonyesha.