Jinsi ya kusoma Katekisimu Ndogo ya Luther kwa daftari, kalamu mbili na robo saa kila asubuhi

Mimi ni fundi wa kujenga hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Siku za kazi nachonga na kupanga mawe meusi ya volkano. Jumapili baada ya ibada nafundisha katekisimu, vijana kwa wazee. Wengi wanaokuja kwangu husema neno moja: "Mwalimu, nilikariri yote wakati wa kipaimara, lakini katika maisha sijaona linanisaidia nini."

Nawaelewa, maana nilikuwa hivyohivyo. Nilijibu maswali yote mbele ya kanisa bila kukwama. Haukupita mwaka, nikachanganya saruji pungufu kwenye ukuta wa mama mjane na mifuko miwili iliyobaki nikaiuza. Amri ya saba, "Usiibe," niliijua neno kwa neno. Haikunijia kichwani hata mara moja siku ile, kwa sababu nilijifunza kuijibu mbele ya mchungaji, sikujifunza kuisikia nikiwa na mwiko mkononi. Njia ninayoieleza hapa ndiyo iliyonirudisha kwa yule mama kuujenga upya ukuta wake. Sisi Walutheri ni wachache katika mji huu, lakini hata kama unasali kanisa lingine unaweza kuifuata.

Hatua ya 1: Tayarisha vitu vyako

Unahitaji Biblia, Katekisimu Ndogo, daftari la shule, kalamu nyekundu na kalamu ya buluu. Vitabu vyetu vingi vya Kilutheri vya Kiswahili vimechapwa Tanzania, kwa hiyo utakutana na maneno ambayo hapa hatuyasemi kila siku. Yaandike nyuma ya daftari na umwulize mtu. Usiyaruke.

Chagua robo saa isiyobadilika. Mimi nasoma kabla watoto hawajaamka kwenda kutafuta maji. Ukisubiri upate saa nzima yenye utulivu, katika mji huu utasubiri sana.

Hatua ya 2: Jua kitabu kiliandikwa kwa ajili ya nani

Mwaka 1528 Martin Luther, mchungaji aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, alitembelea sharika za Saksonia huko Ujerumani akakuta watu wamebatizwa, wanakwenda Meza ya Bwana, lakini hawajui hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengine hawawezi kufundisha. Alisikitika sana. Mwaka 1529 akatoa katekisimu mbili: Kubwa, kwa ajili ya wahubiri na waalimu, na Ndogo, ambayo baba au mama anaweza kuwafundishia watu wa nyumbani mwake. Kwa hiyo hiki ni kitabu cha nyumbani, cha kusomwa karibu na jiko la makala, yaani makaa.

Kina sehemu sita: Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, Ubatizo, Ungamo, na Sakramenti ya Altare, yaani Meza ya Bwana. Mpangilio wa zile tatu za kwanza una maana. Luther mwenyewe, mwaka 1520, alizifananisha na mgonjwa: Amri zinamwonyesha ugonjwa wake, Imani inamwonyesha dawa iko wapi, na Sala inamfundisha kuiomba. Ukizisoma kwa kuchanganya, utamwacha mgonjwa na karatasi ya vipimo tu mkononi.

Jambo moja dogo litakusumbua, afadhali nikuambie mapema. Hesabu yetu ya amri si sawa na ya jirani zetu Wabaptisti na Wapentekoste. Sisi, kama Wakatoliki, tunaliweka katazo la sanamu ndani ya amri ya kwanza, na kutamani tunakugawa mara mbili, amri ya tisa na ya kumi. Ndiyo maana "Usiibe" kwetu ni ya saba na kwao ni ya nane. Amri zenyewe ni zilezile. Usipoteze jioni nzima kubishana.

Hatua ya 3: Soma kwa sauti, kisha uliza "Maana yake ni nini?"

Chukua kipande kimoja tu kwa juma: amri moja, au fungu moja la Imani, au ombi moja la Sala. Kisome kwa sauti kila asubuhi pamoja na maelezo yake, hadi Alhamisi uweze kukisema bila kitabu. Kukariri si adui. Ubaya ni kukariri na kuishia hapo.

Angalia jinsi maelezo yalivyojengwa. Karibu kila amri ina upande wa kukataza na upande wa kuagiza. Usiue: usimdhuru jirani mwilini, tena umsaidie katika kila hitaji la mwili wake. Usimshuhudie jirani yako uongo: usimsingizie, tena umtetee, umseme vizuri, na mambo yake uyapokee kwa upande ulio mwema. Watu wengi wanasoma upande wa kwanza, wanajiona wako salama, wanafunga kitabu. Upande wa pili ndio unaotukamata.

Hatua ya 4: Suka nyuzi nne

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote. Mwaka 1535 kinyozi wa Luther, aliyeitwa Peter, alimwomba amfundishe kusali, na Luther akamwandikia kijitabu kizima. Akamwonyesha kwamba kila amri anaisuka kama taji lenye nyuzi nne: kwanza fundisho, Mungu anataka nini kwangu hapa, pili shukrani, ananipa nini, tatu ungamo, nimekosea wapi, nne ombi, ninahitaji nini. Gawa ukurasa wa daftari mara nne uandike mstari mmoja au miwili kila sehemu.

Nitakuonyesha kwa amri ya saba jinsi ilivyotokea katika kundi letu. Maelezo yake yanasema tusichukue fedha wala mali ya jirani, wala tusiipate kwa bidhaa mbovu au biashara ya hila, bali tumsaidie kuikuza na kuilinda mali yake na riziki yake. Mama mmoja anayeuza unga wa muhogo katika soko la Virunga alinyamaza kipindi kizima. Jumapili iliyofuata alikuja na kopo lake la kupimia ndani ya kikapu, akaligeuza juu chini mezani. Kitako kilikuwa kimepondwa kwa ndani, kimeingia kama kiganja kilichokunjwa.

"Papa mwalimu," akasema, "nililinunua likiwa hivi. Pale sokoni wote wako nayo namna hii. Nikilinyoosha, watoto watakula nini?"

Sikumjibu kwa haraka, na wewe usimjibu mtu kwa haraka akifikia hapo. Tulirudi kwenye daftari. Kwenye fundisho alikuwa ameandika: "Nisipunje." Kwenye ungamo alikuwa amejaza nusu ukurasa. Kwenye shukrani hapakuwa na kitu. Tukakaa hapo. Ni nani aliyemlisha mwaka ule alipokosa mtaji kabisa? Nani alimkopesha gunia la kwanza? Akaanza kutaja mtu mmoja baada ya mwingine, na nikamwomba aandike. Ule uzi wa pili ulipojaa ndipo wa nne ukapata maneno: "Baba, unilinde nisiogope njaa kuliko nikuogopavyo wewe."

Juma lile alilinyoosha kopo kwa nyundo, akapandisha bei kidogo, na kila mteja akamweleza sababu. Wateja wawili walihamia meza ya jirani. Kopo lile analo hadi leo, na makunyanzi ya nyundo bado yanaonekana.

Ukisuka, usiuruke uzi wa shukrani. Mtu anayeungama kabla hajaona alichopewa huishia kujipiga kifua tu au kujitetea.

Hatua ya 5: Kalamu mbili, Sheria na Injili

Sasa chukua kalamu. Neno lolote linalosema "fanya" au "usifanye" lipigie mstari mwekundu: hiyo ni Sheria. Neno lolote linalosema "umefanyiwa" au "umepewa" lipigie mstari wa buluu: hiyo ni Injili. Yote mawili ni neno la Mungu. Kazi zake ndizo zinazotofautiana, na ukiyachanganya unaumiza watu.

Hapa Goma nimeona wanavyoumizwa. Volkano ilipotiririka tarehe 22 Mei 2021, na tena vita vilipoingia mjini Januari 2025, nilisikia watu wakimwambia mama aliyepoteza nyumba au mtoto kwamba imani yake ilikuwa ndogo, atoe sadaka kubwa zaidi. Hapo imani yenyewe imegeuzwa kuwa tendo la kulipia. Wino wote ni mwekundu.

Fungua fungu la pili la Imani, uone buluu inavyojaa. Luther anaeleza kwamba Yesu Kristo amenikomboa mimi mtu niliyepotea na kuhukumiwa, si kwa dhahabu wala fedha, bali kwa damu yake takatifu. Sisi tunaoishi Kivu tunajua watu wanauana kwa ajili ya dhahabu na koltani. Soma mstari ule polepole: uliponunuliwa wewe, dhahabu haikutosha. Kisha soma Warumi 3:28, "mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria." Fungu la tatu linaongeza kwamba hata kuamini siwezi kwa akili wala nguvu zangu, Roho Mtakatifu ndiye ameniita kwa Injili. Basi yule mama hadaiwi imani kubwa. Anapewa Kristo.

Mtu atauliza: kwa hiyo matendo mema hayana kazi? Msomee Waefeso 2:8 hadi 10, asiishie mstari wa 9. Ukitaka kwenda mbali kidogo, soma kifungu cha 4 cha Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, pamoja na kifungu cha 6. Cha 4 kinasema tunahesabiwa haki bure kwa ajili ya Kristo kwa njia ya imani. Cha 6 kinasema imani hiyo lazima izae matunda mema. Usimsomee mtu kimoja bila kingine.

Hatua ya 6: Andika majina ya watu wanaoguswa na mikono yako

Mwishoni mwa Katekisimu Ndogo kuna orodha ya wajibu: waume, wake, wazazi, watoto, wafanyakazi, waajiri. Watu huiruka. Mimi naomba kila mmoja aandike yake. Si vyeo, bali majina: mke wangu, watoto, msaidizi wangu wa kubeba mawe, mwenye kiwanja, jirani wa upande wa kushoto ambaye maji ya mvua yanatoka kwangu kuingia kwake. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ataandika mwenye mzigo na wapita njia wa mteremkoni. Motari, yaani dereva wa pikipiki, ataandika abiria wake wa leo.

Huo ndio wito wako. Si lazima uwe mchungaji ili umtumikie Mungu. Mungu hakosi kitu hata nisipompelekea ukuta. Mjane ndiye anayenyeshewa. Nyuma ya kila jina andika jambo moja la juma hili, dogo na la kufanyika. Langu juma lililopita lilikuwa mfereji wa jirani. Ulinichukua nusu siku.

Hatua ya 7: Ombi la nne, lisomwe na familia nzima

Luther anapoeleza "mkate wetu wa kila siku" anataja chakula, mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema, serikali njema, hali nzuri ya hewa, amani, afya, rafiki wa kweli, jirani mwaminifu. Watoto watunge orodha yao wenyewe. Mwaka 2025 benki zilipofunga milango, watoto wangu waliandika "benki" kati ya "sambaza," wale samaki wadogo wa ziwani, na "maji." Niliwaacha. Ni sala sahihi.

Hatua ya 8: Maji ya asubuhi

Sehemu ya Ubatizo inasema mtu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya afufuke. Katika Katekisimu Kubwa Luther anatufundisha tukilemewa na dhambi tuseme: "Hata hivyo nimebatizwa." Mimi nauunganisha na kunawa uso. Ukichota maji ya kwanza ya bidoni asubuhi, sema maneno hayo kabla maji hayajakauka usoni. Inachukua muda mfupi kuliko kuwasha makala.

Ukimaliza sehemu zote sita, rudi amri ya kwanza. Luther alikuwa daktari wa theolojia, na bado aliandika kwamba kila asubuhi anaisema katekisimu kama mtoto, na kwamba anakubali kubaki mwanafunzi wake.

Usiku, funga daftari. Kitabu kinaelekeza: jifanyie ishara ya msalaba, sema Imani na Sala ya Bwana, kisha sala fupi ya jioni inayoshukuru kwa ulinzi wa siku, inayoomba msamaha, na inayouweka mwili, roho na vyote mikononi mwa Baba, ili malaika wake mtakatifu awe pamoja nawe. Wafundishe watoto waiseme hata usiku ambao milio ya risasi inasikika mbali. Halafu kuna agizo la mwisho, na nyumbani kwangu mtoto mdogo ndiye anayelisoma, kwa sababu analipenda: kisha ulale mara moja, kwa furaha.