Kupanga urejelezaji wa taka katika shehia: mwongozo kwa kamati za kujitolea, Unguja mjini

Mwongozo huu nimewaandikia wanakamati wa kujitolea wanaosaidiana na masheha (viongozi wa shehia, yaani ngazi ya chini ya utawala hapa Zanzibar) na mabaraza ya manispaa katika kazi ya taka, hasa katika mitaa ya Ng'ambo ambako nyumba zimebanana na gari haliwezi kufika kila mlango. Mimi ni katibu wa kamati ya namna hiyo. Hatuna gari, hatuna uwezo wa kumtoza mtu faini, na wala hatulipwi. Tulichonacho ni daftari, mizani na ruhusa ya kupiga hodi kwa majirani zetu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yetu ni kupanga vizuri kabla ya kumwambia mtu yeyote afanye jambo lolote.

Kanuni tunayoifuata ni hii: usimwombe mtu atenganishe taka mpaka ujue nani atakuja kuzichukua, siku gani, na zitapelekwa wapi. Sisi tulianza kinyume. Tulipita nyumba kwa nyumba tukahimiza viroba viwili, kimoja cha chupa na makopo, kimoja cha taka nyingine, na watu walikubali kwa moyo safi. Wiki ya tatu gari lilikuja, na wachukuzi, ambao sisi hatukuwa tumewaeleza chochote, wakamimina viroba vyote viwili katika bodi moja mbele ya bibi mmoja aliyekuwa amekaa barazani pake. Bibi yule aliniita, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimechambua, nyinyi mmechanganya." Ilituchukua miezi kumrudisha, na nyumba za jirani yake zilimtazama yeye.

Hatua ya kwanza: anzeni kwa sheha, kisha manispaa

Wajibu wa kuzoa taka ni wa serikali za mitaa, ambazo Zanzibar zinaendeshwa chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 2014, na masuala ya mazingira kwa jumla yako chini ya Sheria Namba 3 ya mwaka 2015 iliyoanzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Kamati haichukui nafasi ya yeyote kati ya hao. Mwoneni sheha kwanza, awafikishe kwa baraza la manispaa kwa barua, na katika barua hiyo ombeni mambo mawili tu: ratiba ya gari katika shehia yenu, na eneo dogo lenye kivuli la kuhifadhi vilivyotengwa. Ratiba isipopatikana kwa maandishi, msiendelee na hatua nyingine.

Hatua ya pili: pimeni taka zenu wenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa sababu kila mtu anadhani anazijua taka za mtaani kwake, na macho yanadanganya. Chagueni nyumba 30, zikiwemo za familia kubwa, za wapangaji na zenye mgahawa au genge mbele, na ziombeni ziwape taka zao zote kwa siku 7 mfululizo. Msipime wiki ya Idi wala Ramadhani peke yake, maana mapishi ya siku hizo si ya kawaida. Na kama mmepima wakati wa kiangazi, rudieni mara moja wakati wa masika, kwa kuwa taka zilizolowa hulemea mizani na gari lililopangwa kwa uzito wa kiangazi halitatosha.

Anayeingia uani kuomba taka awe mwanamke. Mwanamme wa kamati atasimama ukumbini na kupewa kile kilichokwisha kutolewa nje, ilhali mwanamke atafika jikoni na kuona ndoo ya maganda, chupa zilizowekwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na kile kinachochomwa moto nyuma ya nyumba.

Tandazeni turubai, vaeni glavu na viatu vya kufunika, kisha chambueni kwa mafungu: mabaki ya chakula na maganda, majani, makumbi na vifuu, karatasi na maboksi, chupa za plastiki, plastiki laini, makopo na vyuma, glasi, nepi na vitu vya choo, na vitu vya hatari kama betri na sindano, ambavyo havishikwi kwa mkono. Kila fungu lipimwe kwa mizani ya kuning'iniza na liandikwe papo hapo. Mtaona kwamba maganda ya ndizi na muhogo, makombo ya wali, mabaki ya samaki, madafu na majani yanazidi nusu ya uzito wote. Chupa za plastiki, ambazo ndizo zinazolalamikiwa zaidi, zinajaza turubai lakini hazisogezi mshale wa mizani: chupa za nusu lita zinaweza kufika 50 hadi 100 kabla hamjapata kilo moja. Jambo hilo moja linabadilisha mpango mzima. Mkitaka kulipunguzia mzigo gari linalokwenda jaa la Kibele, kazi yenu ni maganda. Mkitaka mitaro isizibe, kazi yenu ni chupa na plastiki laini.

Hatua ya tatu: tafuteni mnunuzi, mkikumbuka bahari

Sisi tunaishi kisiwani, na sehemu kubwa ya kinachotengwa hapa kitavuka maji kwenda Dar es Salaam kabla ya kuwa kitu kingine. Mnunuzi wa hapa anatoa katika bei yake gharama ya kufunga mzigo, ya bandarini na ya chombo, ndiyo maana chupa zinazoleta faida bara zinaweza zisilete faida Unguja zikiwa chache au zikiwa na maji ndani. Nendeni kwa wanunuzi wa chuma chakavu na wa plastiki walio karibu nanyi, muwaulize wanachukua nini, kuanzia kilo ngapi, kikiwa katika hali gani, na kama watakuja wenyewe au mtapeleka. Andikeni majibu yao, na rudini baada ya mwezi kuuliza tena, kwa sababu bei hupanda na kushuka.

Wafundisheni wanakamati majaribio mawili yasiyohitaji kifaa cha ghali. La kwanza ni la sumaku: kopo la soda likikataa sumaku ni aluminiamu, nayo ndiyo yenye bei nzuri zaidi, kwa kuwa kuiyeyusha upya kunahitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye mawe yake, likinaswa ni chuma, liwekwe peke yake. La pili ni la beseni la maji. Kateni kipande cha chupa ya maji ya kunywa na kipande cha kizibo chake, muvitie majini na mvizamishe kwa kidole ili mapovu yatoke. Kipande cha chupa kitazama, kizibo kitaelea. Hizo ni plastiki mbili tofauti, hazichakatwi pamoja, na mnunuzi akizikuta zimechanganyika anashusha bei au anakataa polo zima. Mtoto wa darasa la nne akifanya jaribio hili mara moja hasahau.

Kuhusu glasi, semeni ukweli. Ni nzito, inavunjika, na thamani yake ni ndogo ikilinganishwa na nauli ya kuivusha. Kamati yetu iliamua kutoichukua, isipokuwa chupa nzima zinazoweza kuoshwa na kutumika tena kwa asali, siki au mafuta ya nazi, ambazo wafanyabiashara wadogo wanazihitaji. Baadhi ya wajumbe walihuzunika, lakini naona bora kukataa mapema kuliko kupokea na kwenda kutupa.

Hatua ya nne: maganda yabaki hapa hapa

Kwa kuwa fungu kubwa ni la jikoni na shamba, lisisafirishwe. Tafuteni uwanja mdogo wa skuli au shamba la jirani, mtengeneze mboji. Wekeni tabaka la vitu vikavu, kama majani na maboksi yaliyochanwa, kisha tabaka la maganda, na vikavu viwe mara mbili au tatu ya maganda kwa ujazo. Mabaki ya samaki yafukiwe katikati na kufunikwa vizuri, maana panya, paka na kunguru hawachelewi. (Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 kwa nia ya kusafisha taka, na leo ni adha kwa ndege wa asili na kwa vifaranga vyetu.)

Unyevu upimwe kwa kiganja. Shika konzi ya mboji na uikamue: ikiwa kama chicha iliyokwisha kutolewa tui la pili, yaani inanata kidogo na kutoa tone moja au mawili, iko sawa. Ikichuruzika, ongeza majani makavu. Ikivunjika kama vumbi, nyunyiza maji. Chomeka nondo katikati ya rundo, uiache kwa dakika chache, kisha uichomoe na kuishika. Siku za mwanzo inapaswa kuwa ya moto kiasi cha kutotaka kuikumbatia. Pindueni rundo kila wiki au mbili. Baada ya miezi mitatu hivi mtapata mboji nyeusi inayonukia udongo, nayo mrudishieni kila aliyetoa maganda ndoo moja kwa ajili ya mchicha wake. Zawadi hiyo imetuletea nyumba nyingi kuliko mkutano wowote.

Hatua ya tano: siku moja, njia moja

Chagueni siku moja ya wiki, isibadilike. Rikwama, yaani mkokoteni wa kusukuma kwa mkono, linapita katika vichochoro ambavyo gari halipiti, kwa hiyo mwenye rikwama awe sehemu ya mpango tangu mwanzo na alipwe kutokana na mauzo. Wachukuzi wa gari la taka nao waelezwe ana kwa ana. Kabla ya Machi, masika hayajaingia, fanyeni mzunguko wa ziada katika mitaro, kwa kuwa mtaro uliozibwa na chupa unaingiza maji machafu majumbani, na mji huu unakijua kipindupindu.

Hatua ya sita: sasa ndipo mseme na watu

Huduma ikishafanya kazi kwa mwezi mmoja katika mtaa mmoja, anzeni uhamasishaji. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na watu wazima wanakumbuka jinsi walivyorudia vikapu vya ukili. Anzieni hapo, kwa jambo ambalo wao wenyewe wameliweza. Mzee mwenye nyumba aendewe na mzee mwenzake baada ya sala ya alasiri, akina mama waendewe katika vikundi vyao vya kuweka na kukopa, na watoto wafikiwe skuli na chuoni, yaani madrasa. Msimsahau anayetoa taka kwa mikono yake. Mama anaweza kukubali kila neno, kumbe ndoo hutolewa na mtoto wa miaka kumi anayewahi chuoni, na huyo hakuambiwa kitu. Mwonyesheni yeye, mlangoni, kwa ndoo zake mwenyewe.

Gari la matangazo na redio viwe vya mwisho. Vinafika mbali, na watakaoitikia katika mitaa msiyoifikia bado watabaki na viroba vyao mlangoni.

Hatua ya saba: daftari

Kila siku ya kukusanya andikeni namba tatu: nyumba ngapi zimetoa, kilo ngapi kwa kila fungu, na viroba vingapi vimechanganyika. Kiroba kilichochanganyika kisirudishwe kwa kukemea. Mjumbe apige hodi jioni, akae, achambue pamoja na wenyewe. Kila miezi mitatu someni hesabu hizo mbele ya sheha na wakaazi, pamoja na fedha zilizoingia na zilivyotumika hadi shilingi ya mwisho. Sisi hatuongezi mtaa mpya mpaka, kwa wiki nane mfululizo, robo tatu ya nyumba za mtaa wa kwanza ziwe zimetoa viroba vilivyotengwa vizuri. Mtaa wa pili tuliuanza kutoka kwenye baraza la yule bibi, naye ndiye aliyewaambia majirani wa upande wa pili wa njia kwamba sasa tunakuja kila Jumanne.