Jinsi ya kuitambua meli ya mvuke kwenye picha ya zamani

Wateja huniletea hapa Ngara, Nairobi, picha za meli walizookota kwenye masoko ya Toi au Gikomba, na swali lao la kwanza huwa bei ya fremu. Mimi huanza na meli yenyewe.

Maandishi ya chini yaache kwanza. Yeyote mwenye kalamu aliweza kuyaongeza. Hesabu milingoti, kisha tazama ubavu. Meli za kwanza za abiria kuvuka Atlantiki kwa mvuke zilisukumwa na magurudumu ya makasia, yaliyofunikwa na sanduku la nusu duara katikati ya ubavu. Ukiona sanduku hilo, dohani moja na milingoti minne, yaelekea ni Great Western, meli ya mbao iliyobuniwa na mhandisi Isambard Kingdom Brunel na kujengwa Bristol, Uingereza. Milingoti ikiwa miwili, fikiria Sirius. Milingoti sita na ubavu usio na sanduku? Hiyo ni Great Britain ya 1843, ya chuma, rafadha yake, yaani propela, imejificha majini chini ya tezi, sehemu ya nyuma ya meli.

Sirius na Great Western husimuliwa pamoja, maana zilishindana kuvuka Atlantiki kwa mvuke. Sirius iliondoka Cork, Ayalandi, tarehe 4 Aprili 1838 ikafika New York tarehe 22. Mwenzake aliondoka upande wa Bristol tarehe 8, akafika tarehe 23, tena akiwa na makaa ya akiba. Watu humsifu aliyetangulia. Mimi namsifu Brunel. Alipiga hesabu kwamba meli ikiongezwa ukubwa, nafasi ya makaa hukua haraka kuliko nguvu inayohitajika kuyakata maji. Wenye shaka walidhani ukubwa utaongeza ulafi wa makaa tu.

Matanga yasikupotoshe ukadhani ni jahazi lililobandikwa dohani. Injini za siku hizo zilikula makaa mengi na kuharibika njiani, kwa hiyo upepo ulikuwa msaada wa bure.

Sasa mpime mchoraji. Moshi na bendera za meli moja zielekee upande mmoja. Zikipingana, huyo alichora akiwa sebuleni.

Kisha washa tochi ya simu, uimulike picha kutoka pembeni. Rangi ya mafuta huonyesha matuta ya brashi. Ukitumia kioo cha kukuza ukaona vinukta vya rangi vilivyopangwa safu safu, hiyo ni chapa ya kiwandani. Fremu ya bei nafuu inaitosha.

Ikiwa ni ya karatasi, isiguse kioo cha fremu, maana unyevu huigandisha. Weka kadi isiyo na asidi katikati. Selotepu nakataa kabisa, huacha madoa ya kahawia. Itundike mbali na dirisha, hasa rangi ya maji, kwani jua letu huifubaza. Na ubao wa nyuma wa zamani ukiwa na lebo au mwandiko, usiutupe: upige picha, kisha uuhifadhi kwenye bahasha pamoja na risiti.