Jinsi ya Kuupima Usajili wa Klabu Yako Kabla Ligi Haijaanza

Kila ifikapo Julai, mashabiki wa Simba na Yanga hulala na simu mkononi wakisubiri picha ya mchezaji mpya itakayotupwa mtandaoni saa sita usiku. Picha ikishatoka, hukumu haichelewi: huyu ni mashine, yule ni garasa, viongozi wana njaa ya makombe au hawana. Kufikia Novemba, baada ya sare mbili na kipigo kimoja, hukumu hugeuka na vijiweni husikika "tumepigwa". Maelezo yafuatayo yanamlenga shabiki anayetaka kuupima usajili wa klabu yake kabla mpira haujaanza kuchezwa, kwa kutumia taarifa ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata. Mifano nimeitoa kwenye klabu hizo mbili za Kariakoo kwa kuwa habari zake hazimpiti mtu.

Anza na mikataba, majina yafuate

Chukua daftari, andika majina ya wachezaji kumi na wanne au kumi na watano wanaocheza mara nyingi zaidi, na mbele ya kila jina weka mwezi na mwaka ambao mkataba wake unakwisha. Kazi hiyo si ngumu kama inavyodhaniwa, kwa sababu klabu zenyewe hutangaza siku ya utambulisho kwamba fulani amesaini miaka miwili au mitatu, na anayeongeza mkataba hupigwa picha akiwa ameshika kalamu. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine pindi mkataba wake unapobakiza miezi sita au pungufu. Kwa hiyo mchezaji ambaye mkataba wake unakwisha Juni, kuanzia Januari yuko sokoni kihalali, na klabu ambayo haijamalizana naye mpaka hapo imeshapoteza nguvu ya mezani, hata kama bado anavaa jezi yake kila wiki.

Mfano ulio wazi ni wa Clatous Chama. Mwaka 2021 Simba ilimuuza kwa RS Berkane ya Morocco, ikamrejesha Januari 2022, na katikati ya mwaka 2024 mkataba wake ukamalizika, akavuka barabara na kutambulishwa Yanga akiwa mchezaji huru. Mitaani ilikuwa ni kilio upande mmoja na shangwe upande wa pili, lakini shabiki aliyekuwa na daftari asingeshangaa hata kidogo, kwa kuwa tarehe ilijulikana. Uongozi una haki ya kuamua kwamba mchezaji wa umri fulani hastahili tena mshahara anaoutaka. Kinachopaswa kuulizwa ni kama uamuzi huo ulifanywa mapema, huku mbadala akitafutwa, au kama klabu ilikuwa inasubiri huruma ya mchezaji mpaka siku ya mwisho.

Mkataba mrefu nao si dawa ya kila kitu. Feisal Salum alipotaka kuondoka Yanga Desemba 2022, karatasi zilikuwa upande wa klabu, na kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ilithibitisha kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Hata hivyo mgogoro uliendelea kwa miezi, na mwishowe, Juni 2023, pande zikaafikiana naye akaenda Azam. Kijana anayepanda kwa kasi huku maslahi yake yakibaki yale ya siku aliyosajiliwa ni jina la kuwekewa alama nyekundu kwenye daftari lako, hata kama amebakiza miaka miwili.

Pima pengo, kisha upime aliyeletwa kuliziba

Kosa kubwa la mashabiki ni kuhesabu walioingia bila kuandika walioondoka walikuwa wakifanya nini uwanjani. Kabla hujamtazama mchezaji mpya, andika kwa sentensi mbili kazi aliyokuwa akiifanya aliyeondoka: alifunga mabao mangapi, nani alimpa pasi, timu ilishambulia kupitia upande gani, mipira iliyokufa ilipigwa na nani.

Agosti 2021 Simba iliuza nyota wawili kwa mpigo, Chama na Luis Miquissone, ambaye alikwenda Al Ahly, klabu ileile aliyoifunga bao pekee jijini Dar es Salaam miezi michache kabla. Kwa upande wa fedha lilikuwa jambo la kujivunia, kwa sababu klabu ya Tanzania kuuza kwa mabingwa wa Afrika si habari ya kila mwaka. Lakini wawili hao ndio waliokuwa wakiifungua milango ya wapinzani, na waliokuja walikuwa vijana waliohitaji muda. Oktoba mwaka huohuo Simba ilishinda 2-0 ugenini dhidi ya Jwaneng Galaxy ya Botswana, ikarudi nyumbani na kufungwa 3-1, jumla ikawa 3-3, ikatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini (aliyefunga mengi zaidi ugenini ndiye anayepita), na kocha Didier Gomes akaondoka siku chache baadaye. Msimu huo Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Sidhani kuwa kuwauza lilikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuwauza wote wawili ndani ya dirisha moja la usajili, wakati msimu uko mlangoni na kazi yao haijapata wa kuibeba.

Sasa linganisha na Yanga ya mwaka 2023. Fiston Mayele aliondoka kwenda Pyramids ya Misri baada ya msimu aliofunga mabao 17 ya ligi na mabao saba katika Kombe la Shirikisho Afrika, ambako Yanga ilifika fainali na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini. Mashabiki walidai mshambuliaji wa hadhi yake, na aliyekuja, Hafiz Konkoni kutoka Ghana, hakufua dafu. Dirisha dogo, lile la usajili wa katikati ya msimu, lilipofunguliwa aliachwa. Ukiishia hapo utasema walipigwa. Lakini katika dirisha lilelile alilosajiliwa Konkoni waliingia Pacome Zouzoua, Maxi Nzengeli na beki Yao Kouassi, timu ikaanza kufunga kupitia viungo, Stephane Aziz Ki akamaliza msimu akiwa mfungaji bora kwa mabao 21, ubingwa ukabaki Jangwani, yaliko makao ya Yanga, na katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika Mamelodi Sundowns walihitaji mikwaju ya penalti kuwatoa. Pengo la mshambuliaji halikuzibwa na mshambuliaji. Ndiyo maana nasisitiza kuandika kazi badala ya jina: mabao 17 yanaweza kugawanywa kwa watu wanne, na uongozi unaoliona hilo unaweza kununua kwa busara kuliko unaokimbilia kutafuta Mayele mwingine ambaye hayupo sokoni.

Lisome tangazo neno kwa neno

Tangazo la utambulisho huandikwa ili kufurahisha, hivyo tafuta kile kisichosemwa. Likitaja miaka ya mkataba, andika. Lisipotaja, jiulize kama ni mkopo. Likisema amejiunga "akiwa mchezaji huru", tafuta sababu ya kuwa huru: mkataba ulikwisha, ulivunjwa kwa sababu hakulipwa mshahara, au aliachwa baada ya kukaa benchi msimu mzima? Likisema mchezaji fulani ameachana na klabu "kwa makubaliano ya pande mbili", ujue kwamba huenda kuna fidia iliyolipwa au inayodaiwa, na fidia hizo zikirundikana ndizo zinazozaa kesi.

Kisha angalia dakika alizocheza. Video ya dakika tatu yenye muziki mkali inaweza kumfanya hata beki wangu wa mtaani aonekane wa kimataifa, maana kila mtu ana chenga nne nzuri kwa mwaka. Tovuti za takwimu huonyesha idadi ya mechi, dakika, kadi na mabao, na kama unaweza, tenga mabao ya penalti na yale ya mchezo wa kawaida. Mshambuliaji mwenye mabao 12 ambayo sita kati yake ni penalti ataingia kwenye timu ambayo tayari ina mpigaji wake. Umri pia una uzito, kwa sababu mchezaji wa miaka 22 anaweza kuuzwa baadaye, na wa miaka 32 mara nyingi hutumika akaisha, jambo ambalo si baya ikiwa klabu inajua kwamba inanunua msimu mmoja tu.

Jina kubwa lisikupumbaze, wala jina dogo lisikutie unyonge. Jean Charles Ahoua alipotua Simba mwaka 2024 akitokea Stella Club d'Adjamé ya Ivory Coast, wengi hawakuwahi kumsikia. Alimaliza msimu akiongoza kwa mabao kwenye ligi.

Uliza nani amemchagua

Weka tarehe mbili kando kwa kando: siku kocha alipoajiriwa na siku wachezaji waliposajiliwa. Kama wachezaji wanane wametangazwa kabla kocha hajashuka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, basi timu ni ya kamati ya usajili, na itakapovurugika isiwe kocha pekee anayebebeshwa mzigo. Mpangilio huo si lazima uwe mbaya ikiwa klabu ina falsafa yake na mkurugenzi wa ufundi mwenye sauti. Huwa mbaya pale kila kiongozi analeta mtu wake kupitia wakala wake.

Lazima nikiri kwamba kigezo hiki kina ubishi. Msimu wa 2024/25 Yanga ilianza na kocha Miguel Gamondi, ikahamia kwa Sead Ramovic, ikamaliza na Miloud Hamdi, na bado ikachukua ubingwa. Kwa maoni yangu ilivuka kwa sababu kundi la wachezaji lilikuwa limekaa pamoja kwa muda, kila mmoja akijua mwenzake anakimbilia wapi, jambo ambalo klabu inayosajili kikosi kipya kila Julai haiwezi kulitegemea. Simba upande wake ilikuwa na kocha Fadlu Davids na kikosi kilichosukwa upya kwa vijana. Ikakosa ligi lakini ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 2-0 na RS Berkane huko Morocco na kutoka nayo sare 1-1 Zanzibar. Aliyepima dhamira ya Simba kwa kombe pekee aliuona msimu huo kama hasara, nami siafikiani naye.

Fuata fedha

Hapa ndipo mashabiki wengi huchoka, na ndipo penye majibu. Mapato ya klabu zetu yanatoka kwa wadhamini, haki za matangazo, viingilio, jezi, zawadi za mashindano ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) na mifuko ya wafadhili. Jiulize klabu yako ingebaki na nini endapo mfuko mmoja ungefungwa kesho. Yanga inalijua jibu: Yusuf Manji, mfanyabiashara aliyekuwa akiifadhili, alipojiuzulu uenyekiti Mei 2017, klabu iliyozoea kusajili bila kuhesabu ilijikuta ikitembeza bakuli kwa wanachama wake, na Simba ikatawala ligi kwa misimu minne mfululizo. Simba nayo ilimtangaza Mohammed Dewji mshindi wa zabuni ya uwekezaji Desemba 2017 kwa ahadi ya Sh bilioni 20, na hisa za mwekezaji zikawekewa ukomo wa asilimia 49. Mfadhili ni neema, lakini usajili unaolipwa na mtu mmoja hupimwa pia kwa uvumilivu wa mtu huyo.

Fedha za kuuza nazo zifuatilie. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia tano ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya asilimia. Mchezaji akiuzwa kwa dola milioni moja, klabu iliyokaa naye misimu mitatu kuanzia miaka 16 inastahili dola 15,000. Klabu isiyotunza kumbukumbu za vijana wake huziacha fedha hizo mezani.

Dalili ya mwisho ni mishahara. Mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili anaweza, kwa kanuni za FIFA, kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15 na kuvunja mkataba asipolipwa. Klabu inayoshindwa kutekeleza hukumu ya madeni hufungiwa kusajili, na FIFA huchapisha orodha ya klabu zilizofungiwa, hivyo huhitaji kusubiri msemaji wa klabu akwambie. Ukimwona mchezaji muhimu hayupo mazoezini wiki ya pili huku ofisa habari akisema "ana matatizo ya kifamilia", pitia orodha hiyo kabla hujaamini au kukanusha.

Kama una kadi ya uanachama, yabebe haya kwenye mkutano mkuu na uulize kwa utaratibu: mikataba mingapi inakwisha Juni ijayo, klabu inadaiwa na nani, sehemu gani ya mapato inatoka kwa mtu mmoja, na nani mwenye saini ya mwisho kwenye usajili. Ukijibiwa kwamba jambo "liko kwenye mchakato", liandike daftarini pamoja na tarehe na jina la aliyejibu, kisha uende nalo kwenye mkutano wa mwaka unaofuata.