Kuahirisha au kurudia semesta kwenye kozi ya afya: mambo ya kupanga ukiwa Mombasa

Mwanafunzi wa uuguzi au utabibu akiugua katikati ya semesta, nyumbani huulizwa atapona lini. Chuoni swali ni jingine: darasa lililo nyuma yako litafika lini pale ulipoachia? Jibu la hilo ndilo linaloamua kama utapoteza miezi 6 au mwaka mzima, kwa hivyo lipate kabla hujaandika barua yoyote.

KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, hupokea wanafunzi wapya Machi na Septemba, lakini si kila kozi katika kila kampasi hupokea mara zote mbili. Kama kozi yako inazo zote, darasa linalokufuata liko miezi 6 nyuma. Kama ni ya Septemba pekee, liko miezi 12 nyuma, na ugonjwa wa wiki 6 utakugharimu mwaka. Nenda kwa mkuu wa idara, omba kuona kalenda ya darasa hilo, kisha hesabu kwa kidole. Mjamzito naye ahesabu vivyo hivyo: tarehe ya kujifungua ikiangukia kipindi cha wadi, huenda kipindi cha darasani kilichotangulia kikamalizika na mtihani wake ukafanywa. Ile likizo ya uzazi ya miezi 3 iliyo kwenye sheria ya kazi ni ya waajiriwa. Mwanafunzi hategemei hiyo, anategemea kanuni za chuo chake.

Na si kila maradhi yanadai kuahirisha. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa miezi 6, lakini mgonjwa haambukizi muda wote huo. Daktari akiridhika kwamba hatari ya kuambukiza imepita na nguvu zimerudi, wengi huendelea na masomo huku wakimeza dawa. Muulize daktari wako hasa hilo, aliandike: tarehe ya kurudi darasani, na tarehe ya kurudi wadini. Zaweza kutofautiana.

Jua pia unaomba nini, maana watu huchanganya. Sapu ni kufanya tena mtihani mmoja ulioanguka huku ukibaki na wenzako. Kwa kawaida alama yake haivuki alama ya kupita, hata uandike majibu ya dhahabu. Kurudia somo au semesta ni uamuzi wa chuo baada ya matokeo. Kuahirisha ni ombi lako mwenyewe, nalo lina wakati wake: kabla ya mtihani. Ukishakaa kwenye chumba cha mtihani ukaandika, ni vigumu sana kudai baadaye kwamba ulikuwa mgonjwa. Ukikosa mtihani bila barua mezani, utaonekana mtoro.

Barua chuoni huandikwa Kiingereza, lakini yaliyomo yawe haya:

"Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, darasa la Septemba 2024, nambari ya usajili fulani, indeksi (nambari ya baraza la wauguzi) fulani. Naomba kuahirisha semesta ya pili ya mwaka wa pili kuanzia tarehe 13 Aprili 2026 kwa sababu za kiafya; barua ya daktari nimeiambatisha. Semesta hii nimemaliza wiki 4 za wadi ya watoto na wiki 2 kati ya 6 za wadi ya uzazi. Naomba kurejea pamoja na darasa la Machi 2025 litakapoanza semesta hiyo, Septemba 2026."

Basi. Usimwage maisha yako yote humo. Ugonjwa wako haupaswi kuzunguka kila ofisi. Sentensi ya wiki za wadi ndiyo wengi huisahau, na ndiyo itakayokuokoa usirudie ulichokwisha kufanya. Barua ianzie kwa mwalimu wa darasa, ipite kwa mkuu wa idara, ifike kwa msajili au mkuu wa chuo. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiende nyumbani kwa kuambiwa "sawa, tumesikia". Subiri jibu la maandishi lenye tarehe ya kurejea, na kama halitaji muda wa juu kabisa wa kumaliza kozi, uliza.

Sasa kitabu cha wadi, na hapa ndipo panapoumiza zaidi. Kila utaratibu uliofanya, kuanzia kuzalisha hadi kuweka katheta, unahitaji sahihi ya aliyekusimamia. Mwanafunzi anaondoka hospitali kuu ya Makadara akiwa hoi, kitabu kina kurasa nusu hazijatiwa sahihi, anajiambia atamalizia akirudi. Akirudi, sista msimamizi amehamishiwa hospitali ya Port Reitz au Likoni, mwengine amestaafu, na aliyepo hawezi kutia sahihi kwa kazi asiyoiona. Zile wiki zinakufa. Kwa hivyo kabla ya kutoka, hata kama ni kumtuma ndugu yako na kitabu, pita kila wadi uliyofanyia kazi. Omba na barua fupi ya msimamizi yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, na siku ulizokosa. Piga picha kila ukurasa, lakini ziba majina na nambari za wagonjwa. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakuhusu na wewe.

Indeksi ni ya pili kwa kusahauliwa. Baraza la wauguzi, kama ilivyo kwa baraza la matabibu, linakujua kwa darasa uliloandikishwa nalo. Chuo kikikuhamisha darasa, omba kiliandikie baraza, nawe upate nakala. Lisipoambiwa, jina lako litatafutwa kwenye orodha ya watu waliokwisha kumaliza, na utakuja kulijua hilo wiki za kujiandikisha kwa mtihani wa leseni, wakati ambao hakuna mwenye nafasi ya kukusikiliza.

Kama una mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wajulishe kwa maandishi. Pesa ikiingia chuoni ukiwa nje bado ni deni lako, na urejeshaji hupangwa kwa kutazama mwaka unaotarajiwa kumaliza. Karo uliyolipa, uliza kwa uhasibu kiasi gani kitavuka hadi utakaporudi, na upewe taarifa ya akaunti iliyochapishwa. Rudisha vitabu vya maktaba na ufunguo wa hosteli.

Ukiwa nje, usiingie wadini "kusaidia kidogo". Huko huna ruhusa ya chuo wala msimamizi. Ukijichoma sindano, dawa za kuzuia HIV zinatakiwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28, na hutataka kuanza kwa kueleza ulikuwa ukifanya nini pale. Kuna na mtego wa duka la dawa mtaani, mtu anakuita "daktari" na kukupa koti. Ukikamatwa unauza dawa bila leseni, kesi hiyo itakungoja hadi siku ya kuomba usajili.

Uliyeanguka mtihani na kutakiwa kurudia, kwanza ujue ulianguka wapi: nadharia, vitendo, au mahudhurio. Dawa zake ni tofauti. Mahudhurio hayatibiwi kwa kusoma usiku. Katika mtihani wa vituo, ule wa vitendo unaohama kituo hadi kituo, wengi huanguka kwa alama ndogondogo za kunawa mikono, kujitambulisha, kuthibitisha jina la mgonjwa, kumfunika. Zifanye kwa sauti ukiwa na mwenzako anayeshika saa, hadi mkono uende wenyewe. Kukata rufaa kuna siku zake. Zihesabu tangu tarehe iliyo kwenye barua ya matokeo.

Mwezi mmoja kabla ya kurejea, andika barua ya kurudi, na kama uliugua ambatisha barua ya daktari ya kuwa u mzima. Uliza kama mtaala umebadilika na kama kuna somo la kuziba pengo. Wiki mbili za mwisho rudia hesabu za dawa kila siku, maana hizo hutoka kichwani upesi. Mfano: lita 1 ya maji ya dripu kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Gawa kwa dakika 480, unapata 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Ukichukua zaidi ya dakika moja kulipata jibu, endelea kufanya mengine.